Panya na mgonjwa katika jedwali moja: shajara ya mradi, Kampala

8 Februari 2025: Tunachojenga

Tunatengeneza jedwali la kompyuta, kwa Kiswahili, linaloweka ubavu kwa ubavu matokeo ya dawa za saratani kwa wanyama wa maabara na matokeo ya dawa hizohizo kwa wagonjwa. Mstari mmoja ni dawa moja kwa aina moja ya uvimbe. Kushoto yuko mnyama: dozi aliyopewa, uvimbe ulikuwa na ukubwa gani dawa ilipoanza, na kilichotokea. Kulia yuko mtu, kwa maswali yaleyale.

Sababu iko wazi kwa yeyote anayeishi karibu na hospitali ya Mulago. Kila baada ya muda habari ya "dawa iliyomaliza saratani kwa panya" inazunguka kwenye simu, na ndugu za wagonjwa wanafika nayo wodini wakiuliza inauzwa wapi. Dada muuguzi wa kikundi chetu anajibu "bado haijafika kwa watu", na hana karatasi ya kuwaonyesha. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na wanafunzi wangu wananiuliza swali hilohilo kwa upande wa pili: kama panya hafanani na mtu, kwa nini wanamtumia? Maswali yote mawili yanastahili jibu la kweli, lenye namba.

Tuko watu watano: mimi, Dada muuguzi, mfamasia mmoja, mwanafunzi wa uzamili kutoka Bunia, na Mzee, fundi maabara mstaafu wa Bombo ambaye Kiswahili chake ndicho tunachokikimbilia tukikwama. Hatufugi panya, wala hatugusi faili la mgonjwa yeyote. Tunasoma makala zilizokwisha kuchapishwa, basi. Anayetaka kuiga afahamu hilo: kinachohitajika ni kompyuta moja, bando, na mtu anayejua kusoma majedwali ya zamani ya makala za kitabibu, ambayo mara nyingi yamepigwa picha vibaya na tarakimu 3 inafanana na 8.

Ninapoandika "panya" bila kuongeza neno, namaanisha yule mdogo wa maabara, wa gramu 20 hivi.

Gharama mpaka leo: bando shilingi 30,000, fotokopi 18,500. Meza na umeme tumepewa bure na shule.

1 Machi: Dozi zilikataa kulingana

Mistari ya kwanza ilikuwa ya siklofosfamidi, methotreksati, vinkristini na doksorubisini. Ilipojaa, jedwali lilionekana la ajabu. Panya alikuwa anavumilia dozi kubwa mara kumi na zaidi ya ile inayomwangusha mtu, kila dawa ikihesabiwa kwa miligramu kwa kilo ya mwili. Mwanafunzi wetu wa Bunia alitaka tuandike moja kwa moja kwamba panya ni mgumu kuliko mtu, na mambo yaishe hapo.

Mfamasia alikataa. Alituletea kazi ya Freireich na wenzake ya mwaka 1966, ambao walilinganisha sumu ya dawa 18 za saratani kwa panya mdogo, panya mkubwa, hamsta, mbwa, nyani na mtu. Walipohesabu dozi kwa mita ya mraba ya ngozi badala ya kilo ya mwili, tofauti kubwa kati ya viumbe ilisinyaa: kiwango cha juu anachokivumilia panya kilikaribiana na anachokivumilia mtu. Mnyama mdogo ana ngozi nyingi kwa kila gramu ya mwili wake, anachoma chakula haraka, na anaiondoa dawa haraka. Kilo inaficha hayo, mita ya mraba inayafunua.

Kwa hiyo tuliongeza safu ya kugeuza. Ukiwa na miligramu kwa kilo, zidisha kwa 3 kwa panya mdogo, 6 kwa panya mkubwa, 20 kwa mbwa, 37 kwa mtu mzima, na utapata miligramu kwa mita ya mraba. Mfano: siklofosfamidi miligramu 200 kwa kilo kwa panya ni 600 kwa mita ya mraba. Rudisha kwa mtu mzima, 600 gawanya kwa 37, unapata kama 16 kwa kilo. Na 600 kwa mita ya mraba si namba ngeni: ndiyo siklofosfamidi inayotolewa pamoja na doksorubisini 60 katika dripu inayojulikana sana ya saratani ya titi. Pale tulipoona panya na mama mgonjwa wamekaa kwenye namba moja, ndipo kikundi kizima kilipoamini kwamba kazi hii ina maana.

Hitilafu ilijitokeza siku hiyohiyo kwenye mstari wa watoto. Matibabu ya zamani ya limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayokua kwa kasi, hapa Kampala yalitumia siklofosfamidi miligramu 40 kwa kilo, na fomula ya jedwali, iliyokuwa imewekewa 37 kwa binadamu wote, ilitoa 1,480 kwa mita ya mraba. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Kwake namba ya kuzidishia ni 25 hivi, na jibu ni 1,000. Sasa jedwali linauliza kwanza: mtu mzima au mtoto?

Dada muuguzi akaongeza swali zuri kuliko letu sote. "Na mtoto aliyekonda je?" Tulihesabu. Mtoto wa sentimita 110 na kilo 18 ana mita ya mraba 0.74; kwa 40 kwa kilo anapata miligramu 720, sawa na 970 kwa mita ya mraba. Mtoto wa urefu uleule aliyekonda hadi kilo 14 ana mita ya mraba 0.65, anapata miligramu 560, sawa na 860 hivi. Yaani kanuni ya kilo inampunguzia aliyekonda hata ukihesabu kwa ngozi. Panya wa maabara hana tatizo hilo. Wote wamelishwa chakula kimoja, umri mmoja, ukoo mmoja.

Juu ya kila ukurasa tumeandika kwa wino mwekundu: jedwali hili si la kupimia mgonjwa dawa. Ukiiga mradi, usiache kuandika hivyo. Karatasi inatembea kuliko mwenye kuiandika.

22 Machi: Mizani mbili za ushindi

Safu ya matokeo ndiyo iliyotugharimu muda mwingi kuliko zote, na naomba msomaji aikalie kidogo.

Kwa panya, mizani ya kawaida ya miaka ile ilikuwa siku za kuishi. Uvimbe uliotumika zaidi ni lukemia (saratani ya damu) ya L1210, iliyotoka kwa panya wa ukoo wa DBA/2 mwishoni mwa miaka ya 1940. Panya anadungwa seli 100,000 tumboni. Asipotibiwa anakufa baada ya siku nane hadi kumi hivi. Dawa ikiongeza maisha kwa robo, yaani akaishi siku 10 badala ya 8, ilihesabiwa kwamba ina nguvu na inastahili kuendelea kuchunguzwa. Kwa mtu mwenye uvimbe, mizani ni tofauti: daktari anapima ukubwa, na kwa miaka mingi uvimbe uliopungua kwa nusu uliitwa umeitikia.

Tuliweka asilimia hizi mbili katika safu moja, na safu ikatoa upuuzi. Asilimia 25 ya panya ilionekana ndogo kuliko asilimia 50 ya mtu. Kuziweka katika safu mbili hakukusaidia pia, kwa sababu basi hakuna kinacholinganishwa.

Njia ya kutokea ilikuwa kuhesabu seli. Howard Skipper na wenzake huko Birmingham, Alabama, walionyesha katika kazi yao ya mwaka 1964 mambo mawili kuhusu L1210 ambayo bado yanashikilia msingi wa kemotherapi, yaani kutibu saratani kwa dawa. Kwanza, seli moja tu iliyo hai inatosha kumuua panya. Pili, dozi ileile ya dawa inaua sehemu ileile ya seli, ziwe nyingi ziwe chache: ikiua 99 katika kila 100, itaua 99 katika kila 100 tena kesho. Tumeita kila punguzo la mara kumi "ngazi". Kutoka seli 100,000 hadi 10,000 ni ngazi moja. Hadi 1,000 ni ngazi mbili.

Sasa geuza. Seli za L1210 huongezeka maradufu kila nusu siku. Panya akiishi siku mbili zaidi, maana yake uvimbe ulirudishwa nyuma kwa maradufu manne, yaani mara 16, yaani seli 94 katika kila 100 ziliuawa. Hiyo ni ngazi moja na kitu. Mgonjwa ambaye uvimbe wake wa seli bilioni 100 umebaki bilioni 50 ameshuka theluthi ya ngazi. Ile asilimia 25 iliyoonekana ndogo ndiyo kubwa, na kwa mbali.

Mzee alikaa kimya muda mrefu mbele ya hesabu hii, kisha akasema, "Kumbe mgonjwa anapewa hongera kwa kitu ambacho panya asingepata hata siku moja nacho." Ni kweli, na ni lazima niseme pia upande wa pili: uvimbe uliopungua nusu unaweza kumwacha mtu apumue, ameze chakula, alale. Hayo hayapimwi kwa ngazi. Tumeongeza safu ya maelezo kwa ajili yake.

Pengo la pili limo hapohapo. Katika majaribio mengi ya L1210 dawa ilianza siku moja baada ya kudunga. Seli 100,000 zimefika kama 400,000. Kwa mtu, uvimbe wa gramu moja, ambao kwa kawaida mtu hata hajaugundua, una seli bilioni moja hivi. Wagonjwa wengi wa hapa wanafika na bilioni 100 au zaidi. Panya anaanza kutibiwa kati ya ngazi ya tano na ya sita, mtu kwenye ngazi ya kumi na moja. Dawa inayoua ngazi sita inamponya wa kwanza na kumwachia wa pili seli 100,000. Hapa ndipo habari nyingi za kwenye simu zinapovunjikia, na safu ya "seli zilikuwa ngapi siku dawa ilipoanza" sasa ni ya lazima. Mstari usio nayo hauingii.

Gharama: bando 25,000. Pia tulilipia kivuli cha makala mbili za zamani ambazo hazikupatikana bure, shilingi 70,000 kwa pamoja. Hiyo imekuwa gharama kubwa kuliko zote, na inaniuma, maana maarifa hayo yana zaidi ya nusu karne.

12 Aprili: Mtama darasani

Namba peke yake hazikuwaingia wanafunzi, kwa hiyo tulinunua mtama. Maelekezo kwa anayeiga:

Nunua mtama mweupe nusu kilo na mwekundu kiganja kimoja, wa kupepetwa vizuri (Owino tulilipa shilingi 2,500 kwa vyote). Usihesabu punje elfu kumi. Hesabu 100, zipime kwenye mizani ndogo ya jikoni, kisha zidisha uzito kwa 100. Kwa mizani isiyosoma chini ya gramu moja, hesabu punje 500 badala ya 100 na uzidishe kwa 20, la sivyo kosa linakua nawe. Mwaga punje 10,000 nyeupe kwenye sinia na uchanganye na nyekundu 10. Kila mzunguko wa "dawa" unaondoa nyeupe tisa katika kumi kwa uzito. Kati ya mizunguko, ongeza mtama maradufu, wa kila rangi kwa idadi iliyobaki, maana uvimbe haungoji.

Nyeupe zinakwenda 10,000, 1,000, zinarudi 2,000, 200, 400, 40. Nyekundu haziguswi na dawa: 10, 20, 40. Kufikia mzunguko wa tatu sinia ina nyekundu nyingi sawa na nyeupe, na kufikia wa nne ni nyekundu tupu karibu yote. Lloyd Law alionyesha tangu mwaka 1952, kwa L1210 hiihii, kwamba usugu dhidi ya dawa ya jamii ya methotreksati unatokana na seli zilizobadilika zenyewe kabla ya kukutana na dawa. Goldie na Coldman waliliwekea hesabu mwaka 1979: uvimbe ukiwa mkubwa, uwezekano wa kuwa na seli sugu tangu mwanzo unapanda. Darasa lilipoona sinia limegeuka rangi, msichana mmoja aliuliza kwa nini wasitumie dawa mbili kwa pamoja. Sikuwa nimefundisha hilo. Alifika mwenyewe, kwa mtama.

Kilichoshindikana: zoezi la kwanza liliwafanya wote waamini kwamba saratani inapona kwa mizunguko mitano, kwa sababu punje 10,000 ni ulimwengu wa panya. Hakuna gunia la kutosha kuonyesha bilioni 100. Suluhisho lilikuwa manila ndefu ukutani yenye ngazi kumi na moja, sinia likiwakilisha zile nne za chini tu, na mwanafunzi mmoja amesimama kwenye ngazi ya kumi na moja kama mgonjwa. Wanaona kwa macho ni wapi zoezi linaanzia. Manila na kalamu: 6,000.

10 Mei: Mstari wa Burkitt

Mstari huu tuliuacha kwa makusudi hadi tujue kupima, kwa sababu ni wetu.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Kisu hakikuwafaa wengi wao, na mashine ya mionzi haikuwepo nchini. Zikajaribiwa dawa chache zilizopatikana, hapa na Nairobi, na kikatokea kitu ambacho madaktari wa nchi tajiri walikuwa hawajazoea kukiona kwa uvimbe wa mtu: taya lililovimba likarudi mahali pake ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wakaishi miaka. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, John Ziegler akiwa mkurugenzi wa kwanza. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker mwaka 1972 kwa kazi ya kemotherapi. Mwaka huohuo Charles Olweny alichukua uongozi, katika siku ambazo wageni wengi walikuwa wanaondoka Uganda, na kazi haikufa.

Tulipojaza safu zetu, mstari huu ulikaa karibu na L1210 kuliko mstari wowote wa binadamu. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani za watu zinazokua kwa kasi kubwa kabisa. Seli zake zinaweza kujigawa ndani ya siku moja au mbili, na karibu zote ziko katika kugawanyika. Chache sana zimepumzika. Dawa kama siklofosfamidi hupiga zaidi seli zinazogawanyika. L1210 iko hivyohivyo. Kwa uvimbe wa namna hii panya alisema kweli, na aliyemthibitisha ni mtoto wa Kiganda, wa Kilango, wa Kiacholi, aliyelala wodini Mulago. Nadhani jambo hili halisemwi vya kutosha hapa kwetu.

Ulinganifu unaendelea hata kwenye mabaya. Seli za L1210 zikijificha kwenye ubongo, dawa isiyovuka kuingia huko haizifikii, na panya anakufa ingawa tumbo limesafishwa. Watoto wa Burkitt nao ugonjwa uliwarudia kwenye uti wa mgongo na ubongo, ndiyo maana methotreksati ikadungwa kwenye maji ya uti. Ugonjwa uliorudi mapema, ndani ya miezi mitatu hivi, mara nyingi ulikuwa umeshakuwa sugu. Uliorudi baadaye mara nyingi ulikubali tena dawa ileile ya kwanza. Ukiwa na sinia la mtama mbele yako, la kwanza ni punje nyekundu, la pili ni nyeupe zilizosahaulika.

Kisha kuna fundo. Mwaka 1974 Ian Magrath na wenzake waliripoti kutoka Kampala kwamba watoto wenye uvimbe wa tumbo ambao sehemu yake kubwa, asilimia 90 au zaidi, ilikatwa kabla ya dawa waliishi vizuri zaidi. Tuliandika haraka: panya alitabiri, seli chache zinapona kirahisi. Mfamasia akasimama kwenye manila na kutuonyesha kwamba asilimia 90 ni ngazi moja tu kati ya kumi na moja. Ngazi moja haiwezi kueleza tofauti kubwa namna ile.

Tulilijadili hadi jioni. Maelezo mawili yalibaki mezani. Uvimbe unaokatika karibu wote huenda tangu mwanzo haukuwa umesambaa, kwa hiyo waliokatwa na wasiokatwa hawakuwa wagonjwa wa aina moja. Na uvimbe mkubwa ukifa wote kwa mara moja humwaga potasiamu na asidi ya mkojo kwenye damu hadi figo na moyo vinashindwa. Kupunguza uzito wa uvimbe kunamwokoa mtoto na dawa yenyewe, si na saratani pekee. Panya wa majaribio ya siku ya kwanza, mwenye seli 400,000, hana mzigo huo hata chembe. Mstari tumeuweka alama ya njano, yaani "unalingana kwa matokeo, si kwa sababu". Ni rangi niliyoipenda kuliko zote kwenye jedwali, na tangu hapo imetumika kwenye mistari mingi.

7 Juni: Uvimbe wa polepole, na kichujio

Mistari ya titi, utumbo mpana na mapafu. Hapa ulinganifu uliporomoka.

Uvimbe wa titi au utumbo wa mtu unaweza kuchukua miezi kuongezeka maradufu, na sehemu kubwa ya seli zake imepumzika. Mwanzoni tulipanga jedwali kwa kiungo: uvimbe wa mapafu wa panya mbele ya uvimbe wa mapafu wa mtu, utumbo kwa utumbo. Ndiyo akili ya kawaida. Jedwali halikutoa mpangilio wowote unaosomeka.

Hata kupandikiza uvimbe wa mtu mwenyewe ndani ya panya hakujatatua. Mwaka 1969 Rygaard na Povlsen wa Denmark walipandikiza saratani ya utumbo ya binadamu kwa panya wasio na manyoya, ambao hawana tezi ya thaimasi na hivyo hawaukatai uvimbe wa kigeni. Lakini uvimbe ule unalishwa na mishipa ya panya, chini ya ngozi, pasipo kinga kamili ya mwili. Mwaka 2001 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichapisha ulinganisho wa dawa 39 zilizokuwa na matokeo ya panya wa namna hii na ya wagonjwa pia. Kiungo hakikutabiri kiungo, isipokuwa kwa kiasi katika mapafu. Kilichosaidia ni upana: dawa iliyofanya kazi katika theluthi moja au zaidi ya aina za uvimbe zilizojaribiwa ilikuwa na nafasi nzuri ya kumfaa mgonjwa wa aina fulani.

Na dawa yenyewe hubadilika njiani. Irinotekani haina nguvu hadi kimeng'enya kiigeuze, na damu ya panya ina kimeng'enya hicho kwa wingi, ya mtu ina kidogo. Juu ya hilo, uboho wa panya unazistahimili dawa za jamii hii kuliko uboho wa mtu. Panya anapata dawa kali zaidi na kuibeba kirahisi zaidi.

Tulifuta mpangilio wa viungo na kupanga kwa kasi ya kukua na idadi ya seli siku ya kwanza. Mistari ikajikusanya. Juu: L1210, Burkitt, lukemia kali ya watoto. Chini: vile vinavyokua polepole, ambako kijani (inalingana) ni chache na njano na nyekundu (hailingani) zimejaa. Huu ndio mpangilio wa kudumu, na ningemshauri anayeanza leo aanze nao.

Tatizo moja halina dawa ndani ya jedwali. Kwa miaka mingi lukemia za panya, L1210 na baadaye P388, ndizo zilizokuwa mlango: dawa isiyomsaidia panya haikufika kwa mtu. Mwaka 1990 Wamarekani wakahamia kwenye koo 60 za seli za saratani za binadamu zinazokuzwa kwenye vyombo. Maana yake ni kwamba mistari ya "panya hapana, mtu ndiyo" karibu haipo, kwa kuwa mtu hakupewa nafasi. Jedwali linaonyesha waliopita mlangoni. Dawa ambayo ingeufaa uvimbe wa polepole na kushindwa mbele ya lukemia ya haraka ilitupwa bila mgonjwa kuijua. Tumeongeza safu iitwayo "kichujio", inayotaja dawa ilipitia mlango upi, na tumefuta hesabu yote ya asilimia ya "usahihi wa panya" iliyokuwa chini ya ukurasa. Ilikuwa inapendeza, lakini haikuwa na haki ya kuwepo.

28 Juni: Safu ya madhara

Dada muuguzi ameiandika karibu yote. Panya hatapiki, mwili wake hauna uwezo huo. Sisplatini, ambayo mgonjwa anaikumbuka kwa kutapika kuliko kwa kitu kingine, inampita panya kimya, na ilibidi wanyama wengine kama mbwa watumike kuliona. Doksorubisini inaharibu moyo kwa dozi zinazojumlishwa miezi na miezi, hatari ikipanda sana kuelekea miligramu 550 kwa mita ya mraba kwa jumla. Jaribio la siku 30 haliioni. Ganzi ya vidole ya vinkristini haiulizwi kwa panya, maana hasemi.

"Na malaria, Mwalimu," aliniambia. "Andika malaria." Panya wa maabara anakaa mahali safi, hana malaria yetu, hana virusi vya Ukimwi, hajakosa chakula tangu azaliwe. Mtoto wa Burkitt anatoka ukanda uleule wa malaria ya falsiparumu ambao ugonjwa wake unaufuata, na chembe zake nyeupe zikishuka baada ya dripu, homa inaweza kuwa ya malaria au ya ugonjwa mwingine. Safu imeongezwa.

Pia tumeanza mstari wa panya aliyetengenezwa kwa jeni. Mwaka 1982 ilijulikana kwamba katika Burkitt jeni ya MYC imehamishwa hadi jirani na jeni za kingamwili. Mwaka 1985 wakatengenezwa panya wenye MYC iliyofungwa hivyohivyo, na wakapata limfoma. Ni jamaa wa karibu wa ugonjwa wetu. Lakini uvimbe wao unatoka kwenye seli changa zaidi, na panya haambukizwi virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na Burkitt, wala falsiparumu. Alama: njano.

Gharama tangu mwanzo: bando 95,000, makala 70,000, fotokopi na uchapaji wa mabango mawili Nasser Road 64,000, mtama, manila na kalamu 8,500. Jumla 237,500.

Kinachofuata ni nakala ya karatasi moja kwa ajili ya ndugu za wagonjwa, bila fomula, yenye maswali manne ya kuuliza habari ya panya ikifika kwenye simu: seli zilikuwa ngapi dawa ilipoanza, uvimbe unakua kwa kasi gani, dozi ilihesabiwa kwa nini, na kuna mtu yeyote aliyekwisha kuipata. Mzee anaisoma sasa na kalamu mkononi. Ameshakata aya mbili za mwanzo.